Jinsi kijiji kinavyotenga msitu wake wa hifadhi, kuanzia mpakani hadi kwenye rejista ya wilaya

Maswali ni yale yale kila nikitua kijijini. La kwanza: "Msitu wetu unaisha, tufanyeje?" La pili: "Tukiutenga, serikali si itauchukua?" La tatu huulizwa kwa sauti ya chini, mkutano ukishavunjika: "Na hela, itakuwa ya nani?" Nimeyajibu kwa simu, kwenye mabenchi ya ofisi za vijiji na chini ya miembe mpaka nikaona niyaandike mahali pamoja. Haya yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake.

Kwa kifupi, Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inakipa kijiji uwezo wa kutangaza msitu ulio kwenye ardhi yake kuwa Msitu wa Hifadhi wa Ardhi ya Kijiji. Ukishatangazwa hauhamii serikalini. Unabaki wa kijiji, Halmashauri ya Kijiji ndiyo msimamizi wake, na mauzo ya mazao yake yanaingia mfuko wa kijiji bila kudaiwa mrabaha (ada ya mazao ya msitu) wa serikali kuu. Jambo hili halikuzuka mezani kwa wanasheria. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 msitu wa Duru-Haitemba kule Babati ulikuwa mbioni kugeuzwa hifadhi ya serikali. Vijiji vinane vilivyouzunguka vikakataa, vikasema vitaulinda vyenyewe, na mwaka 1994 vikaachiwa. Sheria ya 2002 ilikuja baadaye ikalipa jambo hilo nguvu kwa nchi nzima.

Nimeona vijiji vingi vikikwama, na karibu vyote vilikwama kwenye mpaka au kwenye muhtasari wa mkutano. Ndiyo maana hapo chini nitakaa sana kwenye mambo hayo mawili. Ya doria utajifunza ukiwa porini.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Cheti cha Ardhi ya Kijiji, au walau ramani ya mpaka wa kijiji iliyopimwa. Kama hujui kilipo, anza na kabati la mtendaji, kisha nenda ofisi ya ardhi wilayani.
- Kauntabuku mpya kwa shughuli hii tu. Usichanganye na michango ya shule.
- Daftari la wakazi kwa kila kitongoji, ili akidi isije ikabishaniwa.
- Majina na simu za watu wanne wa halmashauri ya wilaya: afisa misitu, afisa ardhi, afisa maendeleo ya jamii na mwanasheria.
- GPS, au simu yenye programu ya kuchukua majira ya nukta, yaani namba zinazoonyesha mahali ulipo kwenye ramani. Pia dira, tepu ya mita 50, rangi ya mafuta inayoonekana kwa mbali, na mapanga.
- Fedha za mafuta ya gari na posho za wataalamu. Kinachomeza fedha zaidi ni mpango wa matumizi ya ardhi, kwa hiyo tafuta mfadhili au bajeti ya wilaya kabla hujafika hatua ya tano. Mtandao wa MJUMITA unaunganisha vijiji vyenye misitu ya namna hii. Waulize waliotangulia walipata wapi.
- Subira. Atakayekwambia ni kazi ya mwezi mmoja anakuuzia kitu.

Hatua ya 1: Hakikisha ardhi ni ya kijiji

Sheria za ardhi za 1999 zinagawa ardhi yote mafungu matatu: ya jumla, ya kijiji na ya hifadhi. Kama msitu unaoutaka uko ndani ya hifadhi inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) au na halmashauri ya wilaya, simama hapo. Njia yenu ni usimamizi wa pamoja: kijiji kinatia saini makubaliano na mwenye msitu, mnasaidiana kulinda, lakini mali inabaki yake. Watu wanachanganya njia hizi mbili kila siku, halafu wanashangaa kuambiwa msitu waliolala nje wakiulinda si wao.

Kukosa cheti hakuifanyi ardhi isiwe ya kijiji. Ila siku mtakapogombana na jirani, mwenye karatasi ndiye atakayesikilizwa kwanza. Ombeni cheti mapema, hata kama kitachelewa.

Hatua ya 2: Anza vitongojini, kisha Halmashauri ya Kijiji, ndipo Mkutano Mkuu

Usianze na mkutano mkuu. Ukianza nao, watakaosema ni wale watano wanaosema siku zote. Pita kitongoji kwa kitongoji na uwatafute wanaoishi kwa msitu huo: wachoma mkaa, wapasua mbao, wafugaji, warina asali, waganga, akina mama wa kuni. Waulize wanachukua nini, wapi, msimu gani. Mfugaji ambaye hakuulizwa leo utakutana naye kiangazi, na ng'ombe zake watakuwa wameshaingia.

Halmashauri ya Kijiji ikishakubali wazo, iitishe Mkutano Mkuu wa Kijiji. Wajumbe wake ni wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Tangazo libandikwe na mbiu ipigwe siku kadhaa kabla, likitaja ajenda ya msitu waziwazi. "Mengineyo" haitoshi.

Muhtasari uwe na haya: tarehe na mahali, idadi ya waliohudhuria wanaume na wanawake, karatasi ya mahudhurio yenye sahihi ya kila mtu kwa mkono wake (asiyejua kuandika apige dole gumba), hoja zilizopingwa na nani alizipinga, kura ngapi zilikubali na ngapi zilikataa, sahihi ya mwenyekiti na mtendaji, na mhuri.

Onyo: uandikwe siku hiyo hiyo. Kijiji kimoja nilichokuwa nakisaidia kiliandika wiki mbili baadaye, na mahudhurio yote yakajazwa na mkono mmoja, kalamu moja, mwandiko mmoja mzuri kweli. Wilayani waliyarudisha bila hata kuyasoma hadi mwisho. Tukaanza upya, na safari hii nusu ya watu walikuwa shambani.

Hatua ya 3: Chagueni Kamati ya Maliasili

Kamati ichaguliwe na Mkutano Mkuu. Mwenyekiti wa kijiji asiiteue, wala asiwe mjumbe, maana ndiye atakayepokea malalamiko dhidi ya kamati. Kila kitongoji kinachopakana na msitu kiwe na mtu. Wanawake wawemo kwa idadi ya maana na wapewe vyeo. Mweka hazina mwanamke ni chaguo ambalo sijawahi kulijutia. Na usiogope kumchagua aliyekuwa mchoma mkaa. Anajua njia zote za kupitishia mzigo usiku.

Hatua ya 4: Tembeeni mpaka kwa miguu

Hapa usiwe na haraka. Chagueni kiangazi, majani yakiwa yamelala na mito ikivukika. Waendao ni kamati, wazee wawili au watatu wanaokumbuka mipaka ya zamani, mwenye shamba yeyote aliye karibu na mstari, afisa misitu, na viongozi wa kila kijiji jirani pamoja na wazee wao. Hao wa mwisho ndio watu husahau kuwaalika. Mpaka mliotembea peke yenu ni maoni yenu tu.

Kila mnapokata kona, fanyeni mambo matatu. Chukueni majira ya nukta kwa GPS na myaandike kwenye daftari papo hapo, maana betri huisha. Elezeni mahali kwa maneno ambayo mtoto wa pale atayaelewa: "kutoka daraja la mawe kufuata korongo hadi linapokutana na barabara ya zamani ya magogo." Kisha wekeni alama: jiwe la mpaka, kibao, au rangi kwenye miti mikubwa upande unaotazama nje.

Msitegemee kichuguu au ukingo wa mto wa mchanga peke yake. Kichuguu hubomolewa kutengenezea matofali, na mto huhama. Mwembe uliopandwa na mtu nao ni hatari: mwenye mwembe atakuja kusema na ardhi ya chini yake ni yake.

Mkikuta mashamba ndani ya mstari, mna njia mbili. Ya kwanza ni kukubaliana na mwenye shamba ahame kwa maandishi, akijua anapewa wapi na lini. Ya pili ni kulipinda mpaka na kuliacha shamba nje. Mimi huchagua ya pili karibu kila mara, hata ramani ikitoka na meno kama msumeno. Msitu wenye umbo baya usio na kesi unalindika. Ule mnyoofu wenye familia sita zenye kinyongo ndani yake unachomwa moto.

Mkimaliza, viongozi wa vijiji jirani watie saini kwenye maelezo ya mpaka. Ugomvi wa wakazi wa ndani unapelekwa Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu kati yao ni wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Ugomvi wa kijiji na kijiji upelekeni kwa afisa ardhi wa wilaya kabla hamjaendelea na hatua nyingine yoyote.

Msitu ukivuka mpaka wa kijiji, msiukate vipande kwa lazima. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaruhusu vijiji kukubaliana kusimamia eneo kwa pamoja. Kule Kiteto msitu wa SULEDO umechukua jina lake kutoka Sunya, Lengatei na Dongo, na mwaka 2002 jamii hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Wilaya hiyo hiyo kuna OLENGAPA, nyanda za malisho za pamoja, nayo jina lake limeunganishwa kwa majina ya vijiji: Orkitikiti, Lerug, Ngapapa. Mkiweza kukubaliana jina bila kununiana, mengine yanakwenda.

Hatua ya 5: Ingizeni msitu kwenye mpango wa matumizi ya ardhi

Mpango huu unafuata Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 na mwongozo wa Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi. Timu ya wilaya huja kijijini na kukaa na kamati yenu ya matumizi ya ardhi, kisha mnagawa ardhi yote: makazi, mashamba, malisho, njia za mifugo, vyanzo vya maji, msitu, na akiba ya baadaye.

Kosa kubwa la hapa ni uroho wa kuhifadhi. Mfadhili akiwa mezani, kila mtu anataka msitu uwe mkubwa. Hesabu watoto walioko darasa la kwanza leo na ujiulize watalima wapi. Msitu unaomeza akiba ya mashamba utamegwa na wanakijiji wenyewe.

Hatua ya 6: Pimeni kilichomo

Kama lengo ni kulinda chanzo cha maji tu na hamtavuna, matembezi ya siku mbili na orodha ya miti vinatosha. Kama mtavuna, afisa misitu aongoze tathmini shirikishi: mnachagua maeneo madogo ya duara ya kuwa sampuli ya msitu mzima, mnapima kipenyo cha kila mti kwenye kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, na mnaandika jina lake. Andikeni jina la lugha yenu pamoja na la Kiswahili. Nimeona "mninga" wa karatasini ukageuka mti mwingine kabisa tulipoufikia.

Hatua ya 7: Andikeni mpango wa usimamizi na sheria ndogo

Mpango wa usimamizi unasema msitu umegawanywa vipi, nini kinaruhusiwa wapi, kiasi gani, na nani anatoa kibali. Sheria ndogo zinasema mkosaji atafanywa nini. Hizi ni nyaraka mbili. Msizishone ziwe moja.

Mkitaka mfano wa uvunaji uliofikiriwa, tazameni vijiji vya Kilosa vilivyopanga kuchoma mkaa kwa vitalu vya mita 50 kwa 50 katika mzunguko wa miaka 24, visiki vikiachwa vichipue. Huko mkaa unauzwa kwa kibali cha kijiji, na fedha inajulikana ilipo.

Sheria ndogo ziwe fupi. Tajeni kosa, adhabu, anayekamata, anayetoza na mahali fedha inapoingia. Faini isizidi kiwango kinachoruhusiwa kwa sheria ndogo za kijiji, na kiwango hicho muulizeni mwanasheria wa halmashauri kabla ya kuandika. Faini kubwa kupita kiasi haimtishi mtu: mahakama itaitupa, mkosaji atarudi anacheka.

Jambo jingine linalosahaulika: wekeni kifungu cha matumizi ya bure. Kuni kavu, uyoga, dawa za asili, matambiko. Mama mwenye mzigo wa kuni kichwani akitozwa faini, mmeshapoteza nusu ya walinzi wenu.

Hatua ya 8: Mkutano Mkuu wa pili

Someni mpango na sheria ndogo kwa sauti, kifungu kwa kifungu, kwa lugha ambayo wazee wanaielewa. Ndiyo, utachukua asubuhi nzima. Pigeni kura, andikeni muhtasari kama nilivyoeleza kwenye hatua ya 2, na azimio litamke wazi kwamba msitu huu, wenye mipaka hii, umetangazwa kuwa Msitu wa Hifadhi wa Ardhi ya Kijiji.

Hatua ya 9: Kata, kisha wilaya

Kabrasha lenu lipite Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha liende kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri. Ndani yake muwe na mihtasari yote miwili na mahudhurio yake, ramani na maelezo ya mpaka yenye sahihi za majirani, mpango wa matumizi ya ardhi, mpango wa usimamizi na sheria ndogo. Baraza la Madiwani ndilo linaloidhinisha sheria ndogo, na bila idhini hiyo kumtoza mtu faini ni kumnyang'anya tu. Msitu wenyewe unaandikwa kwenye rejista ya wilaya. Ombeni nakala ya ukurasa wenye jina la msitu wenu.

Pelekeni nakala tatu za kila kitu na mwache moja kijijini, nje ya ofisi ya kijiji. Nimeshuhudia ofisi ikiezuliwa paa na mvua.

Hatua ya 10: Anzeni kazi

Doria iwe na ratiba na daftari: tarehe, majina, njia iliyopitwa, kilichoonekana. Fagieni njia za kuzuia moto kabla ya kiangazi kukolea. Kila shilingi ipokelewe kwa stakabadhi, na mapato na matumizi yasomwe kwenye mkutano mkuu na kubandikwa ubaoni kila baada ya miezi mitatu.

Hatua ya 11: Gazeti la Serikali, mkitaka

Mkishausimamia msitu kwa miaka mitatu, mnaweza kumwomba Mkurugenzi wa Misitu utangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Si lazima. Msitu ulioandikwa kwenye rejista ya wilaya ni halali. Nawashauri mwombe kama mnapakana na mji unaokua au kama wawekezaji wameanza kuulizia ardhi.

Mkikwama

*Sheria ndogo zimelala wilayani miezi.* Msitume barua ya tatu. Mtumeni diwani wenu aulize ndani ya kikao, na mtu mmoja wa kamati aende kwa mwanasheria kuuliza ni kifungu gani kina tatizo. Mara nyingi kuna kifungu kimoja na hakuna aliyewaambia.

*Kijiji kimegawanywa na msitu umebaki kwa wenzetu.* Hili ni la kawaida sana. Andikeni haraka makubaliano ya usimamizi wa pamoja kati ya kijiji mama na kijiji kipya, kabla ya uchaguzi unaofuata. Baada ya uchaguzi viongozi ni wapya na msitu ni ajenda ya kampeni.

*Mwekezaji anataka eneo hilo.* Ardhi ya kijiji kuhamishiwa fungu jingine kuna utaratibu wake. Eneo likiwa hekta 250 au pungufu, Mkutano Mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri, baada ya kuzingatia mapendekezo ya Mkutano Mkuu. Mwenyekiti na mtendaji peke yao hawana mamlaka ya kutia saini chochote. Akija mtu na karatasi iliyokwisha kuandikwa, mwambieni aiache, mtaisoma mkutanoni.

*Tumekamata lori la mbao na dereva ana kibali.* Someni kibali kilitolewa kwa eneo gani. Kibali cha kuvuna kwingine hakimpi mtu haki ya kuingia msitu wenu bila ridhaa ya kijiji. Tazameni alama ya nyundo (mhuri unaogongwa kwenye mbao) kwenye gogo na hati ya kusafirishia (TP), pigeni picha, andikeni namba ya gari na idadi ya vipande, dereva atie saini, kisha mwiteni afisa misitu na polisi. Msimpige mtu. Kamati iliyompiga dereva inageuka mshtakiwa, na mbao zinaondoka.

*Fedha za kamati hazieleweki.* Halmashauri ya Kijiji iitishe daftari na stakabadhi, Mkutano Mkuu uamue. Mkichagua kamati nyingine, makabidhiano yawe ya maandishi na mbele ya watu: kiasi kilichoko benki, mbao zilizoko stoo, GPS, nyundo, na funguo zote za kabati.